Mwimbaji Aliyekomba Kisima

Kila kijana anayekuja kwangu kuazima waya huniuliza habari za Zaina. Hamji kwa ajili yangu, nalijua hilo, na wala sioni vibaya. Mnataka kujua kama ni kweli aliwahi kupiga gitaa mpaka spika ikatoa moshi. Ni kweli, na spika ilikuwa yangu. Mnataka kujua kama alikuwa akilala na gitaa kitandani. Uongo huo, alikuwa akilala nalo garini. Halafu mnauliza lile swali gumu: kwa nini aliiacha Bendi ya Makaa wakati ule ambapo jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kuta kuanzia Darajani mpaka Bububu?

Hilo siwezi kulijibu bila ya kukusimulieni habari ya kisima kimoja cha mashariki ya Unguja, ambacho maji yake yalikuwa yanageuka chumvi, na wanawake waliokuwa wakikitegemea. Basi kaeni. Waya hauna haraka.

Mimi ni Kombo, fundi mitambo mstaafu. Skuli niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, na kwetu hatukuwa na shida ya kupindukia. Nilimuuliza mwalimu sauti inaingiaje ndani ya redio, akanambia nikae chini. Nikaona bora nikaitafute mwenyewe. Katika kuitafuta nimepakia magunia ya karafuu bandarini, nimeuza urojo, nimelinda shamba la watu Mangapwani, nimefuata sarakasi ya Wahabeshi hadi Tanga nikarudi kwa jahazi na lugha mpya ya matusi. Hakuna kazi iliyonishika zaidi ya msimu mmoja ila hii ya mitambo. Nayo ilinishika kwa sababu mpaka leo haijanijibu maswali yangu yote.

Aliyenifundisha ni Fundi Jivan, Mhindi mwembamba aliyekuwa na kiduka cha redio nyuma ya soko la Darajani. Wiki za mwanzo hakuniruhusu kushika hata bisibisi. Alinikalisha juu ya kibao, mikono nimeikalia, akawa anawasha redio mbovu moja baada ya nyingine.

“Kombo, huyu anaumwa nini?”

“Anakohoa, fundi.”

“Kikohozi kikavu au cha makohozi?”

Mnacheka, lakini mgonjwa wa aina hiyo mpaka leo namjua nikiwa upande wa pili wa barabara. Kikohozi kikavu ni waya uliolegea. Cha makohozi ni kapasita iliyochoka. Nyie siku hizi mnachanganya sauti kwenye tableti, mnatazama rangi za kijani na nyekundu zikipanda na kushuka. Vizuri. Lakini baada ya kutazama, ondokeni hapo mtembee. Nendeni nyuma ya watu, nendeni pembeni penye ukuta, nendeni pale wanapokaa wanawake wenye watoto. Muziki haupigwi kwenye tableti.

Na msijaribu maiki kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Semeni, “Pishi ya pojo na siki ya Saada.” Hapo utajua kama maiki inatema mate au inapiga miluzi. Waya msiuzungushe kwenye kiwiko kama kamba ya ng'ombe. Ufuateni unavyotaka kujikunja wenyewe. Na kila mkitoka pwani futeni ncha za waya kwa spiriti. Hewa ya kisiwa hiki inakula shaba taratibu kama kutu, na inaikula ukiwa umelala.

Jengine alilonifundisha Jivan ndilo lililonitia mashakani. Alikuwa akisema: “Umeme ni mgeni. Umemkaribisha ndani, basi mwonyeshe na mlango wa kutokea.” Maana yake ni ule waya wa ardhini unaofungwa kwenye fimbo ya shaba, na fimbo ikapigwa nyundo mpaka izame kwenye udongo wenye unyevu. Usipofanya hivyo, spika zitanguruma kama mzee aliyeshiba, na mwimbaji akigusa maiki kwa mdomo itamuuma. Mjini hapa si shida. Ukifika mashariki, kwenye mawe ya matumbawe, udongo wenyewe hakuna. Kumbukeni hapo. Twende kwa Zaina kwanza.

Siku niliyomwona mara ya kwanza, Bendi ya Makaa ilikuwa ikifanya mazoezi kwenye ukumbi mmoja Amani. Bendi ilikuwa ya roki, ngumu, ya vijana wa kiume watupu, na kiongozi wake alikuwa Sudi, mpiga besi. Akaingia msichana amevaa baibui, kabeba kitu kirefu ndani ya gunia la mchele.

Sudi akamwambia kwa upole, “Dada, mazoezi ya taarabu nyumba ya tatu, mkono wa kushoto.”

“Nshapita,” alijibu. “Wamenifukuza. Wamesema nna kelele.”

Akatoa gitaa guniani, akaja kwangu. “Ami, nipe waya.”

Nikampa. Jamani, mimi ni mtu wa maneno lakini hapo maneno hunipungukia. Nimeshasikia wapiga gitaa wengi, wenye vidole vyepesi kama cherehani. Huyu hakuwa na wepesi huo. Alipiga sauti moja, akaiacha. Akaisikiliza inavyopita ukumbini, inavyogonga bati na kurudi, na alipoona imekaribia kufa ndipo akapiga ya pili. Alikuwa anakipima chumba. Mimi nilikuwa nimefanya kazi ile miaka na sijapata kumwona mwanamuziki anayesikiliza chumba kabla ya kukijaza. Sudi akaweka besi chini. Hakuna aliyemtajia taarabu tena.

Miaka iliyofuata nyie mnaijua kuliko mimi, kwa kuwa mmeitazama kwenye simu zenu. Mimi nakumbuka vituko. Nakumbuka siku moja Mji Mkongwe, kwenye ua wa jumba la tajiri mmoja, tulipopumzika kula. Nilisahau kuizima maiki ya Sudi, naye alikuwa kaivaa kifuani. Ua mzima, pamoja na mwenye nyumba na wakwe zake, ukamsikia Sudi kwenye spika nne akisema, “Biriani hii, yakhe, nyama yake imeishia kwa jirani.” Kuanzia siku hiyo kila tukipumzika Sudi alikuwa akija kunigonga begani: “Kombo, nshakufa au bado nasikika?”

Sudi hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu nnajua mtakavyomfanya mkishasikia yaliyobaki.

Bendi ikapata kazi ya kila Jumamosi kwenye hoteli moja ya ufukweni, si mbali na Chwaka. Kazi nzuri, alasiri, kando ya bwawa la kuogelea, na chakula juu. Jumamosi moja tulikuwa tunapanga vyombo, pakatokea kelele getini. Alikuwa bibi mmoja kabeba dumu tupu, kanga imemlowa mpaka magotini, katoka kuvuna mwani. Mlinzi alikuwa anamzuia. Zaina akaenda, nami nikamfuata kwa kuwa siwezi kusikia kelele nikakaa.

“Shikamoo, bibi. Kuna nini?”

“Marahaba, mwanangu. Hakuna kitu. Naomba maji dumu moja. Nna mkwe kajifungua, na maji ya kisimani kwetu mtoto hayawezi.”

“Yana nini?”

Bibi yule, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Bi Mize, akamtazama Zaina, akalitazama bwawa lile lililojaa maji ya buluu nyuma yake. “Yanageuka bahari,” alisema. “Tangu hawa wachimbe visima vyao virefu vya mashine. Wao wanavuta matamu, na chumvi inatufuata sie. Tushasema kwa sheha, tushasema kwa wakubwa. Wanakuja, wanaangalia, wanakwenda zao.”

Zaina akalijaza dumu lile yeye mwenyewe kwenye bomba la nyuma ya jukwaa, akambebea mpaka barabarani. Alasiri hiyo alipiga vibaya. Mimi peke yangu nilijua, maana hakuwa akisikiliza chumba. Alikuwa anasikiliza bwawa.

Jumatatu yake, mazoezini, akasema hapigi tena pale.

“Sawa,” alisema Sudi, “pumzika wiki hii.”

“Sisemi wiki hii. Nasema bendi nzima tusipige pale mpaka wale watu wapate maji yao.”

“Zaina, sisi wanamuziki. Hatuko idara ya maji.”

“Na wao wanalima mwani, hawako idara ya maji. Nani yuko?”

Sudi akashika kichwa. “Mimi nna watoto. Huyu mpiga ngoma ana mama mgonjwa. Ile hoteli ndiyo inayotuweka mjini. Unataka nikawaambie nini nyumbani?”

Zaina hakumjibu kwa hasira. Alisema, “Una haki, Sudi,” akalitia gitaa guniani, gunia lile lile, akatoka. Nikaanza kukunja waya zangu. Sudi akaniuliza, “Na wewe Kombo, una uchungu wa maji?” Nikamwambia kweli: nataka kuona anakwenda wapi.

Basi hapo ndipo ilipoanza ile mnayoita kazi yake ya pekee. Inasemwa kwa fahari siku hizi, lakini miezi ile ya mwanzo “pekee” ilikuwa na maana yake kamili. Wenye mikahawa Mji Mkongwe walisema wageni wanataka muziki laini wa kulia samaki. Waliompenda bendini walisema mwanamke na gitaa bila ya ngoma ni kama chai bila ya sukari. Ngoma hatukuwa na uwezo wa kuiajiri. Nikachukua kasha la zamani la chai, nikatia maiki ndani, nikalijaza magunia nusu, akawa analipiga kwa kisigino huku anaimba. Likawa linatoa mshindo wa kifua cha tembo. Ukitaka kulitengeneza, hakikisha mbao ni kavu na maiki isiguse ubao.

Tukawa tunakwenda vijijini. Hakuwa akihutubia. Alikuwa akifika, anakaa na watu, anauliza. Wachimba mchanga aliwauliza, wakata mikoko aliwauliza. Akiimba jioni yake, watu wanasikia maneno yao wenyewe yamepigiwa gitaa la roki, wanabaki vinywa wazi. Na mimi pia, kila siku. Nimezeeka na nimeona mengi, lakini mtu anayeacha kupigiwa makofi na maelfu akaenda kuuliza maswali chini ya paa la makuti, huyo bado ananishangaza.

Kijijini kwa Bi Mize tulifika siku ya Alhamisi. Sheha, mkubwa wa kijiji, alikwisha kutupa ruhusa: mpige baada ya adhuhuri, mmalize kabla ya alasiri. Uwanja ulikuwa mawe matupu. Nikawasha jenereta, nikapiga fimbo yangu ya shaba ardhini, ikapinda. Nikahama, nikapiga kwengine, nyundo ikaruka. Spika zinanguruma. Zaina akasogea kujaribu maiki, akaruka nyuma na mkono mdomoni.

“Ami, inaniuma!”

Watu wameshakusanyika. Nikatazama huku na huku, nikakiona kisima, mdomo wake umezungushiwa mawe. Fikra ikanijia, na nikajiona mwerevu kuliko Jivan. Unyevu si huu hapa? Nikaifunga fimbo kwenye waya, nikaishusha kisimani. Ngurumo ikakatika pale pale. Kimya safi, kimya cha mtu aliyeziba pumzi. Nikajipigia makofi moyoni.

“Nani katia chuma kisimani?”

Bi Mize alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo kichwani.

“Mimi, bibi. Shikamoo.”

“Shikamoo kaa nayo. Chuma hiki kimetoka wapi?”

Sasa hapo mtu mwenye akili angesema kimetoka dukani. Mimi nikasema, “Juzi kilikuwa Malindi, bibi, kwenye tope la soko la samaki. Lakini nimekipangusa.”

“Tope la samaki!” akapiga kelele mwanamke mwengine. “Na sie tunatilia udhu humu!”

“Kakipangusa kwa nini? Kwa suruali hiyo?”

“Suruali yenyewe yahitaji kisima chake!”

Wakacheka, lakini Bi Mize hakucheka. Pale kijijini, na nadhani na vijiji vya jirani, kisima kikichafuliwa hakiachwi kikalala. Kinakombwa siku hiyo hiyo: maji yote yanatolewa, tope la chini linakwanguliwa, mpaka yaje mapya. Anayeshuka ni aliyechafua, na kijiji kizima kinavuta. Nikaupima mdomo wa kisima kwa macho, nikajipima tumbo kwa mkono.

“Huyu akishuka,” alisema Bi Mize, “tutamtoa kwa kuvunja mawe.”

Ndipo Zaina alipoliweka gitaa juu ya kasha, akafunga kanga kiunoni. “Fundi ni wangu na fimbo ni yangu. Nishusheni mie.”

Vijana waliokuja kwa ajili ya muziki wakalalamika. “Dada, tupigie kwanza! Kisima kipo tu!”

Bi Mize akamkodolea Zaina macho. “Weye ushawahi kukomba?”

“Bado, bibi. Nielekezeni nikiwa chini.”

Wakamfunga kamba ya makumbi, wakamteremsha. Mwimbaji ambaye watu wa mjini walikuwa wakisukumana ili wamguse mkono, nikaona kilemba chake kinazama kizani, kikapotea.

Kukomba kuna utaratibu wake. Aliye chini anateka, ndoo ikijaa anaipiga ubavuni kwa kiganja mara mbili. Wa juu wanaitikia “haya!” wanavuta, ndoo inapanda, inamwagwa, inashuka tupu na kugonga jiwe. Kiganja, kiganja, haya, maji, jiwe. Mshindo haulingani, kwa sababu kila kisima kikizidi kukauka kamba inazidi kuwa ndefu, na jiwe linachelewa kugonga. Sote tulivuta. Mimi nilivuta mpaka ngozi ya viganja ikanitoka. Wale vijana walalamishi nao wakaja wakashika kamba.

Kisha Zaina akaanza kuimba kule chini. Hakuwa akiimba maneno, ni sauti tu, akiiweka pale ambapo jiwe limechelewa. Sauti ikapanda na kisima. Mimi nimefanya kazi na spika za kila aina, kuanzia za bati mpaka hizi zenu zinazoning'inizwa kwa minyororo, na nakuapieni sijasikia kitu kama kile. Ilitoka ardhini. Ilikuwa inasikika miguuni kabla ya masikioni. Maiki ilikuwa karibu yangu, ningeweza kuinyoosha mdomoni mwa kisima. Mkono ulikwenda, halafu nikaurudisha. Niliona kama kumpiga mtu picha akiwa anasali.

Kisima kilipokauka ikaja sauti yake ya kawaida. “Bi Mize!”

“Naam!”

“Maji yanaingia kutoka sehemu mbili. Upande wa pwani yanabubujika. Nimeyaonja, chumvi tupu. Lakini kuna ufa mdogo huku upande wa shamba, yanatiririka kidogo kidogo.”

“Umeyaonja?”

“Nimeyaonja.”

“Yana ladha gani?”

“Hayana ladha, bibi.”

Bi Mize akakaa chini pale pale kwenye mawe yaliyolowa. “Nilidhani yameshakufa,” alisema. Hakuwa akimwambia yeyote. Wanawake wengine wakaacha kamba wakaja kumzunguka, wakawa wanaambiana, matamu yapo, matamu bado yapo, yanazidiwa nguvu tu. Siku hiyo muziki haukupigwa. Alasiri ilitukuta pale pale na tope mpaka magotini.

Mnauliza ule wimbo wake mkubwa kautoa wapi, ule unaoanza kwa mshindo uliokatika. Ndio huo. Alirudi mjini akafunga mlango, akaupiga kwa kisigino kwenye kasha mpaka jirani akaja kuuliza kama tunachinja. Ulipotoka ulipita kwenye simu za watu kama moto wa makuti. Wapiga disko waliulalamikia kwamba hauchezeki, kisha watu wakaanza kuucheza.

Na hapo ndipo Sudi alipokuja, kofia mkononi.

“Zaina, sikukuu tunapiga uwanja wa Amani. Watu wanakutaka. Usiku mmoja tu na Makaa, kama zamani.”

“Nani anadhamini?”

Akakohoa, kikohozi kikavu. “Unajua nani.”

Nilitazamia atamfukuza. Akasema, “Ntakuja. Lakini wimbo wa mwisho wangu, na wa kupiga ntakuja nao mwenyewe.”

Alikuja na Bi Mize na wanawake wa kijiji kile, kila mmoja na ndoo yake. Mimi nilikaa kwenye meza ya mitambo. Bendi ilipiga vizuri, na Sudi alikuwa anacheka kama mtoto. Wimbo wa mwisho wanawake wakapanda, wakapanga mstari, kamba katikati. Kiganja, kiganja, haya, maji, jiwe. Halafu miguu ikaanza majukwaani, watu wanagonga saruji pale pale panapotakiwa, panapochelewa. Nikaondoa mikono yangu mezani. Hakukuwa na kitu cha kurekebisha.

Wimbo ulipokwisha Zaina akasogea kwenye maiki. Meneja wa hoteli alikuwa mstari wa mbele, tai shingoni, akipiga makofi pamoja na watu.

“Bwana meneja, ahsante kwa kutuletea jukwaa. Ijumaa baada ya sala tunakomba kisima chetu. Nakualika. Njoo na mikono yako tu.”

Kijana mmoja wa waandaaji akanirukia. “Mzee, kata maiki! Kata!”

“Kitufe kibovu,” nikamwambia. Hata kukitafuta sikukitafuta.

Nyie wa kwetu mnafahamu alichofanya. Hakumtukana mtu, hakudai kitu. Alimwalika kazi, mbele ya watu. Mwaliko wa harusi unaweza kuumwa kichwa usende. Mwaliko wa kazi ya pamoja, ukitamkiwa hadharani ukaukataa, huna pa kupita tena. Yule bwana alikuwa wa kuja, lakini alikuwa ameishi hapa vya kutosha. Majukwaani mtu akapiga kelele, “Nenda bwana, ndoo haing'ati!” Uwanja mzima ukacheka. Meneja akainua mkono, akaitikia kwa kichwa.

Ijumaa akaja, na viatu vyeupe. Bi Mize akavitazama. “Vua baba, vitakulilia.” Akavua. Akavuta kamba pamoja nasi mpaka shati likamgandama.

“Vuta, baba! Kwani hotelini mnavuta kwa nini?”

“Kwa mashine, bibi,” alijibu akihema.

“Basi leo mashine ni weye.”

Kisima kilipokauka, Zaina akiwa chini, akapandisha maji kwa kata mbili za kifuu: moja ya ufa wa pwani, moja ya ufa wa shamba. Meneja akaonja zote mbili. Alikaa na ile ya pili mkononi muda mrefu. Akauliza kwa sauti ndogo, kama anayeuliza habari za mgonjwa, “Na haya yalikuwa mengi kiasi gani?” Bi Mize akamwonyesha alama kwenye jiwe, juu, karibu na mdomo wa kisima, palipokuwa pameota kuvu zamani.

Sitakudanganyeni kwamba mambo yalikwisha siku ile. Vilifuata vikao, vikavunjika, vikaitwa tena. Zaina alikwenda vyote, akakaa nyuma, akasikiliza. Mwishowe hoteli ikafunga visima vyake viwili vilivyo karibu na kijiji, ikajenga matangi ya kukinga mvua. Kimoja mpaka leo wanasema wamekifunga na mimi nikipita huenda kukitazama, maana mimi simwamini mtu kwa kusikia maneno yake.

Masika yaliyofuata tukarudi, mimi na Zaina, bila ya jenereta wala kasha. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi. Wanawake walikuwa wametuzunguka. Bi Mize akateremsha ndoo taratibu, akaipandisha, akachota kwa kata. Akanusa kwanza. Akaonja, akayazungusha mdomoni, macho ameyafumba. Zaina alikuwa kanishika mkono kwa nguvu, vidole vile vigumu vya nyuzi.

“Bado,” alisema Bi Mize.

Akajipangusa midomo kwa ncha ya kanga.

“Lakini nimemeza.”

Akachota kata ya pili, akampa Zaina.